Kobe Wanne na Sarafu Moja

Safu ya kila mwezi: MWALIMU ANAONGEA NA FAMILIA

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaochelewa shule kwa sababu ya foleni ya maji, na tunawashukuru wote mliotuandikia. Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza njiani na hata sokoni: ule mchezo wa kobe unaochezwa pale kwenye banda la video. Ni mchezo gani? Umetoka wapi? Na kwa nini watoto wetu hawatoki mle ndani?

Tuanze na kilichotupata.

Siku tatu baada ya mgao, mama mmoja alifika darasani kwetu kabla kengele haijalia. Alishika kikombe cha plastiki, kile cha kupimia maharage. Akasema, "Mwalimu, vikombe vinne vimetoka kwenye gunia langu na havikuingia kwenye sufuria." Mtoto wake wa darasa la tano alisimama nyuma yake, macho chini. Maharage yaliuzwa sokoni, na pesa zote zikaishia bandani. "Zimeliwa na kobe," mama akasema. Sisi tulitaka kucheka, lakini tulipomwangalia usoni tukanyamaza. Nyumbani kwake wanakula watu saba. Kila mmoja wenu anajua vikombe vinne ni siku ngapi kwa watu saba.

Akatuuliza, "Sasa nyinyi walimu mnasemaje?" Ukweli ni kwamba hatukuwa na la kusema, maana mchezo wenyewe hatukuujua. Tulikuwa tunawakataza watoto kitu ambacho hatujawahi kukiona. Basi Jumamosi tukaenda walimu watatu, tukaingia bandani, tukakaa kwenye benchi kama watoto wengine.

TULICHOKIONA BANDANI

Banda ni miti na turubai, ndani mna televisheni moja, betri ya sola, na kisanduku kidogo chenye michezo mingi ya zamani na pedi mbili za kuchezea. Mwenye banda ni kijana wa rika letu. Zamu moja ni shilingi 100. Roho zako zikiisha, unalipa tena au unampisha mwenzako.

Mchezo unaanza na nyumba inayowaka moto. Kobe wanaingia humo kumtafuta rafiki yao, April O'Neil, ambaye ni mwandishi wa habari wa televisheni. Kobe hawa ni wanne, wanatembea kwa miguu miwili kama watu, na kila mmoja amefunga kitambaa cha rangi yake machoni. Wa bluu ni Leonardo, ana panga mbili. Wa rangi ya chungwa ni Michelangelo, ana vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo. Wa zambarau ni Donatello, ana fimbo ndefu, na watoto wengi wanampenda kwa sababu fimbo yake inafika mbali. Wa nyekundu ni Raphael, ana vyuma viwili vyenye meno matatu.

Maadui ni jeshi la mtu mmoja mbaya anayevaa vyuma, jina lake Shredder. Askari wake wanatoka kila upande, milangoni, hata kwenye mashimo ya barabarani. Halafu wanakuja wakubwa wao: Rocksteady ambaye ni kifaru, na Bebop ambaye ni ngiri. Kwanza unamwokoa April, kisha unamwokoa Splinter, mwalimu wa kobe, na mwisho kabisa unapambana na Shredder mwenyewe.

Kucheza si kugumu. Kuna kitufe cha kupiga na kitufe cha kuruka, basi. Mtoto wa miaka saba anaelewa kwa dakika moja. Hata mwenzetu mmoja anayefundisha hesabu alielewa, ingawa alikufa mbele ya kifaru mara mbili na watoto wakamcheka sana.

KOBE HAWA WAMETOKA WAPI?

Tumeuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walitoa kitabu cha katuni kinachoitwa Teenage Mutant Ninja Turtles, maana yake ni kobe vijana waliogeuka umbo na kujua kupigana kininja. Hawakuwa matajiri wala hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walikuwa wakiishi mji mdogo wa Dover, jimbo la New Hampshire, na walichapisha nakala kama 3,000 hivi, nyeusi na nyeupe, kwa akiba yao kidogo na pesa za kukopa kwa ndugu. Wazo lenyewe lilianza kama utani wa kuchora kobe mwenye silaha. Mwishoni mwa mwaka 1987 kobe wakaingia kwenye televisheni kama katuni za watoto, na hapo ndipo wakajulikana dunia nzima.

Mwaka 1989 kampuni ya Konami ya Japani ikatengeneza mchezo tuliouona bandani. Wakati ule haukuwa kwenye kisanduku kidogo. Ulikuwa mashine kubwa kama kabati, skrini mbele, na tundu la kuingizia sarafu. Mashine hizo ziliwekwa kwenye kumbi za michezo, migahawa ya piza na madukani. Marekani watoto waliweka sarafu ya senti 25. Na mashine ya kobe ilikuwa na kitu ambacho nyingi hazikuwa nacho: watoto wanne waliweza kusimama bega kwa bega na kucheza pamoja, kila mmoja na kijiti chake na kobe wake. Aliyechelewa alitumbukiza sarafu, akaingia katikati ya vita kuwasaidia wenzake.

Baadaye ulitengenezwa wa kuchezea nyumbani, na mwaka 2022 Konami walitoa mkusanyo wa michezo ya zamani ya kobe, na huu ukiwemo. Kwa hiyo mchezo ambao watoto wenu wanaugombania leo ni mkubwa kuliko sisi walimu wao!

BABA WA KOBE

Kuna jambo moja ambalo watoto bandani hawalijui, kwa sababu mchezo unaanza na ngumi moja kwa moja na hausimulii habari za nyuma. Tunaliandika hapa ili mzazi awasimulie jioni.

Katika katuni ile ya 1987, Splinter hakuzaliwa panya. Alikuwa mtu, Mjapani, jina lake Hamato Yoshi, mwalimu wa kupigana. Mwenzake aliyeitwa Oroku Saki alimwonea wivu, akamsingizia, na Yoshi akafukuzwa. Akaondoka nchini kwake bila kitu, akafika New York, na kwa sababu hakuwa na pa kukaa akaishi chini ya ardhi, kwenye mitaro ya maji machafu, pamoja na panya. Siku moja kobe wanne wadogo wakaangukia mtaroni, akawaokota na kuwatunza. Kisha dawa ya ajabu ikamwagika humo. Kobe wakafanana na watu kwa sababu walikuwa wakishikwa na mtu, na Yoshi akafanana na panya kwa sababu alikuwa akiishi na panya. Akawapa kobe majina ya wasanii wanne wakubwa wa zamani wa Italia, akawalea na kuwafundisha. Na yule Oroku Saki ndiye huyo Shredder.

Wazazi, mmesikia? Mtu aliyesingiziwa, akafukuzwa kwao, akakaa mahali ambapo hakuna anayependa kukaa, akalea watoto wanne ambao si wa damu yake na akawafanya ndugu. Wengi wenu mnaolea watoto wa ndugu na wa majirani hamhitaji sisi tuwafafanulie. Hadithi ni ya kubuni, ya kuchekesha watoto, lakini siku ile tuliposimuliana ofisini, mwalimu mmoja alikaa kimya muda mrefu. Yeye mwenyewe alilelewa na mtu asiye ndugu yake, tangu njiani.

MTOTO ALITUJIBU NINI

Jumatatu tulimwita yule mtoto. Hatukushika fimbo. Tulimuuliza tu, "Ilikuwaje mpaka pesa yote ikaisha?" Sisi tulidhani atasema ni tamaa, au ni marafiki wabaya. Akasema hivi:

"Mwalimu, roho zangu ziliisha. Mdogo wangu akabaki peke yake na kifaru. Ningemwachaje?"

Akaweka mia nyingine. Halafu roho za mdogo wake zikaisha, na mdogo akamwangalia. Akaweka nyingine. Wakaenda hivyo hivyo mpaka mfuko ukawa mtupu.

Hapo ndipo tulipoelewa kitu ambacho tunataka kila mzazi akielewe.

Mchezo huu una mambo mazuri ndani yake, hatuwezi kusema uongo. Kwanza, huwezi kumpiga ndugu yako. Ukirusha ngumi ikampitia mwenzako, haimdhuru, inamdhuru adui tu. Pili, skrini ni moja kwa wote. Aliye mbele hawezi kukimbia akamwacha aliye nyuma, lazima amngoje, la sivyo hakuna anayeendelea. Sisi ambao familia zetu zilitembea kwa miguu siku nyingi, wengine tukiwa mgongoni, tunajua kungojana ni nini. Tatu, piza. Katikati ya vita mnakuta boksi la piza chini, na kobe anayeligusa anapata nguvu zake tena. Boksi ni moja. Mchezo hausemi ni la nani, ni nyinyi mnaoamua. Tuliona wavulana wawili wakigombana karibu kupigana kweli kwa sababu mmoja alichukua piza akiwa bado na nguvu. Na tuliona msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Chukua wewe, damu yako imeisha," akasimama mbele kuwazuia adui mpaka mwenzake akala.

Lakini palepale penye uzuri ndipo sarafu ilipotegewa. Mashine ile ya 1989 ilitengenezwa ili mwenye ukumbi apate pesa. Mtoto mmoja akisimama masaa mawili kwa sarafu moja, mwenye ukumbi anapata hasara. Kwa hiyo roho lazima ziishe. Adui wanaongezeka mpaka mtoto hodari anazidiwa. Hata mwisho, Shredder ana mwale ambao ukikupata unarudi kuwa kobe wa kawaida wa mtaroni na roho inatoka hapo hapo, hata kama ulikuwa na nguvu zote. Mtoto aliyecheza peke yake akishindwa anaweza kwenda nyumbani. Aliyecheza na ndugu yake anaona ndugu bado yuko pale amezungukwa. Hapo anaweka sarafu, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu ni ndugu.

Kwa hiyo, wazazi, tukimchapa mtoto huyu na kumwambia "Wewe ni mwizi, huna akili," tutakuwa tumesema nusu. Maharage aliiba, ndiyo, na lazima alipe. Lakini ile roho ya kutomwacha mdogo wake tukiipiga pamoja na wizi, tutaikosa siku tutakayoihitaji.

TULIVYOKUBALIANA

Tulikaa kikao: yule mama, mwenye banda, kiongozi wa bloku na sisi walimu. Hakikuwa kikao chepesi. Mama alikuwa na hasira, na mwenye banda alisema yeye hana namna ya kujua pesa ya mtoto imetoka wapi, naye pia ana familia inayomtegemea. Tulibishana mpaka jua likazama. Mwishowe tukakubaliana haya:

Moja. Wakati wa masomo mwanafunzi haingii bandani. Mwenye banda akimwona, amrudishe.

Mbili. Mtoto wa chini ya darasa la sita anacheza zamu zisizozidi mbili kwa siku, hata akija na noti. Akitaka zaidi, aje na mtu mzima wa kwao.

Tatu. Hii aliisema mama mwenyewe, na sisi tunaona ndiyo kubwa kuliko zote: WAKIINGIA WAWILI, WANATOKA WAWILI. Roho za mmoja zikiisha, na mwingine anaweka pedi chini. Hakuna anayebaki peke yake na kifaru, kwa hiyo hakuna anayetafuta mia ya kumfuata. Mwenye banda alikuna kichwa, maana ni hasara kwake, lakini alikubali ajaribu mwezi mmoja. Tunamshukuru hadharani.

Nne. Siku mbili zinazofuata mgao, banda halipokei mtoto yeyote bila mzazi. Sababu kila mtu anaijua.

Na adhabu ya mtoto? Mama aliamua mwenyewe, sisi hatukuingilia. Jioni ile, chakula kilipopakuliwa, kilikuwa kidogo. Akamwambia kijana, "Waeleze ndugu zako kwa nini sufuria ni nyepesi." Akawaeleza mmoja mmoja, mpaka yule mdogo aliyekuwa naye bandani. Mama anasema hakuna aliyemgusa, ila mtoto alilia kuliko siku zote alizowahi kuchapwa.

KOBE BILA UMEME

Wazazi, na sisi walimu tuna kosa letu. Mpira wa shule ulipasuka muda mrefu, hatujapata mwingine, na baada ya saa nane watoto hawana pa kwenda. Ukimwambia mtoto "Usiende bandani," lazima umwambie na pa kwenda. Kwa hiyo tumebuni mchezo wa kobe ambao hauli pesa. Familia yoyote inaweza kuucheza uani.

Chukueni kamba ndefu, fungeni duara. Watoto wanne wanaingia ndani ya duara, kamba kiunoni: hiyo ndiyo skrini. Hakuna anayetoka nje ya kamba, na hakuna anayevutwa akaanguka. Wanapaswa kutoka mti mmoja mpaka mti mwingine wakati watoto wengine wanawarushia mipira laini ya matambara. Aliyeguswa mara tatu anatembea kwa mguu mmoja, na wenzake wanamshika. Njiani wekeni kipande cha boksi, hicho ni piza. Kikiokotwa, wanne wanaamua nani apewe, na aliyepewa anapata miguu yake yote miwili tena. Wanashinda wakifika wote wanne. Wakifika watatu, hawajashinda.

Tuliujaribu na darasa la tano. Mara ya kwanza waligombania piza wakaanguka wote kwenye vumbi. Mara ya nne walifika. Aliyepewa piza alikuwa mdogo kuliko wote, na aliyesema apewe ni yule yule wa maharage. Hatusemi kwamba amebadilika kabisa, mtoto ni mtoto. Juzi tu tulimwona amesimama nje ya banda, anachungulia kwenye tundu la turubai. Lakini alipotuona hakukimbia. Alituonyesha mikono yake mitupu, akacheka, akaondoka na mdogo wake.

Maharage hayakurudi. Mama alikopa kikombe kimoja kwa jirani, na mgao ujao ataanza kwa kulipa. Tunaliandika hili ili watoto mnaosoma ukurasa huu mjue kwamba kwenye skrini roho inarudi kwa mia, ila kwenye sufuria haiko hivyo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya wasichana wanaoacha shule karibu na mtihani, na tunaomba hasa kina mama mtuandikie. Barua ziletwe kwenye sanduku la maoni mlangoni mwa shule, au mpatie mtoto wako ailete darasani. Asiyejua kuandika aje tu, tutamwandikia. Na kama kuna mwenye mpira mzima ambao hautumiki, tafadhali atukumbuke.

Wasalaam,
Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.